Mkanda wa Kuponya Neva

Mambo yalimharibikia tapeli Ulimi-Asali Jumanne ya tarehe tisa, saa nne kasorobo asubuhi, alipomchagua mama mshonaji kwenye benchi la kliniki ya neva.

Kabla ya hapo alikuwa anakula raha. Wakubwa wa kliniki walikuwa kikaoni, kama kawaida yao, wakijadili jinsi ya kupunguza foleni. Foleni ilikuwa nje, inanenepa. Paka akiondoka, panya hutawala: Ulimi-Asali akavaa koti jeupe lenye nembo ya kliniki, akaingia na begi la mikanda ya betri.

Mshonaji ana MS, ugonjwa ambao mwili hushambulia neva zake wenyewe. Vidole ganzi, macho yanaona sindano moja kuwa mbili.

"Shikamoo mama. Eti wanataka kukutundikia dripu?"

"Marahaba. Dripu au vidonge. Leo nachagua mwenyewe."

"Vyote sumu! Mkanda huu, siku saba, neva mpya kama za mtoto. Niletee cherehani yako tu, tumemalizana."

Cherehani hiyo ndiyo inayolisha wajukuu watatu. Mshonaji akafungua daftari.

"Muuguzi kanifundisha, dawa yoyote iulize maswali. Wangapi wamepona?"

"Wote!"

"Wako wapi?"

"Wamepona, mama. Watafuata nini kliniki?"

Foleni ikacheka. Watu sita wakanyoosha mikono, wanautaka.

"Madhara?"

"Hata chembe! Mimi naulalia."

"Basi vaa, mwanangu."

"Avae! Avae!" benchi zima likaitikia.

Akavua koti, akavaa. Mshonaji akachomoa sindano kwenye kilemba. "Umekulegea. Mimi siwezi kutazama mtu kavaa ovyo." Ulimi-Asali, macho yote kwa wale sita, hakuona kwamba kifungio kinashonwa kwa uzi wa viatu, mshono mara tatu. Vidole vilikuwa ganzi, lakini kazi vilikuwa vinaikumbuka.

"Haya, washa."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba tabibu wetu mheshimiwa, katika miaka yake yote ya utumishi, hajawahi kuwasha hata mmoja.

Akawasha, akaruka kama bisi kwenye sufuria. "Hauzimiki! Ukateni! Unaunguza!"

Mshonaji akalowesha kalamu ulimini. "Unaunguza kidogo au sana, daktari?"

"Sanaaa, mama!"

Akaandika: sana.

Ulimi-Asali akatoka mbio huku anavuma kama nyuki, begi kaacha, koti kaacha.

Kikao kilipoisha, daktari wa kweli akakutana na daftari lilelile. Akatoka jasho, lakini akajibu. Hakuna dawa inayoponya. Vidonge ni kila siku. Dripu ni mara mbili kwa mwaka, hupunguza mashambulizi, ila hushusha kinga. Na miaka kumi ijayo? "Hapo sijui, mama."

Hilo "sijui" ndilo lililomfanya amwamini. Akachagua dripu. Siku mbili mbali na cherehani anaziweza, na homa ikimjia atawahi kliniki.

Kisha akaweka lile koti mezani. "Nembo yenu. Namba ya stoo yenu. Nani alimpa?"

Daktari akamtazama matroni, matroni akamtazama mtunza stoo, mtunza stoo akatazama dari. Wakaitisha kikao. Kimekaa mara saba sasa, na foleni bado inauliza: nani alimpa koti?