Mguu wa Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe anakuja Jumapili. Kiti cha marehemu mumewe bado kina miguu mitatu na tofali. Nilimwahidi mzee mwenyewe, akiwa hoi kitandani, kwamba mguu wa nne nitautengeneza kwa mikono yangu. Mwaka umepita! Mke wangu ameuliza kwa nini nisimpe kaka yake, ambaye ni seremala. Nimejifanya sikusikia. Kesho nanunua mashine ya kukereza mbao.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji amenifuata dukani. Nani kamwita? Anashauri nusu ya fedha iende kwenye mashine, nusu kwenye patasi, jiwe la kunolea na miwani ya kukinga macho. Eti mashine bila patasi ni sufuria bila chakula. Eti nipime mguu kwanza. Wivu tu! Nimechukua inayong'aa kuliko zote. Fedha imekwisha hadi ya mkokoteni. Shemeji amelipa.

Alhamisi, 6 Juni
Inazunguka vizuri ajabu! Sina cha kukatia. Nimejaribu kisu cha jikoni, kikaruka, kikatoboa pazia. Mke wangu amenikagua vidole kimoja kimoja. Heri angegomba.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji ameleta patasi zake, zimenolewa, na miwani pia. Hakucheka hata kidogo. Dharau iliyoje! Halafu balaa: mti wa mguu hauingii. Mashine ni fupi kwa shubiri nzima. Mke wangu ametaja yule asiyesikia la mkuu. Nikamjibu guu lenyewe lilikwisha kuvunjika.

Jumamosi, 8 Juni
Ujanja! Nimekereza vipande viwili, kimoja na ulimi, kingine na tundu. Shemeji ameshikilia mpaka gundi ikauka. Maungio yamevimba kidogo. Haya, yamevimba sana.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe ameuona uvimbe. Ameupapasa, akacheka mpaka machozi. Akasema hata mzee goti lake lilikuwa hivyohivyo. Kisha akaketi, taratibu, akafumba macho. Kiti kimemstahimili. Nimekwenda kulia nyuma ya mlango, nikamkuta shemeji yuko hapo tayari, naye analia. Nampenda yule mtu, basi tu.

Mama ameomba meza ya kufanana na kiti. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Shemeji ameninong'oneza nianze na patasi. Patasi! Kuna mashine nimeiona, ndefu kuliko kitanda chetu. Kesho naenda alfajiri, kabla hajaamka.