Petro Dhidi ya Yule Mwingine

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeondolewa mimbarini. Naandika hayo kwa utulivu, tena kwa wino, isije ikasemwa baadaye kwamba nilikuwa na hasira.

Miaka ishirini na miwili nimesoma Neno kila Jumapili katika kanisa hili, tangu nilipoingia mji huu na begi moja. Kazi yangu kule kwetu ilikuwa kusahihisha maandishi kiwandani kwa wapiga chapa, na sijawahi kuruka hata mkato. Ndiyo maana wananiita Mzee Nukta. Nadhani ni kwa heshima.

Mchungaji alinikuta jikoni nikimenya viazi. Aliniamkia mara mbili, nikajua kuna jambo. Akasema Jumapili hii ni ya wageni, wengi wao vijana, na kamati ya ibada imeonelea somo lisomwe kwa mtindo wao: kufoka kwa mistari, na mdundo chini yake. Mimi nipumzike kidogo. Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema, Babu, tutaona.

Nikauliza nani atakayefoka. Akaviangalia viazi. Ni mjukuu wangu. Huyu huyu anayelala chumba cha pili na kula viazi hivi hivi.

Niseme wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Pale mbele nasoma kwa lafudhi ya kwetu. Hakuna mahali pengine mjini ambapo lafudhi hiyo inasikilizwa na watu mia mbili waliotulia. Dukani huniomba nirudie. Kwa hiyo sigombei kiti.

Nitapinga. Kwa hoja.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Kurasa kumi na moja. "Hoja Kumi na Nne Dhidi ya Mdundo Katika Neno." Hoja ya sita imetoka vizuri mno, nimejisomea mara tatu. Inasema Maandiko hayahitaji kuvalishwa nguo za mtaani ili yapite mtaani.

Nimezipeleka kwa Fundi Cherehani atie sahihi. Huyu amesubiri zamu ya kusoma kwa miaka kumi na miwili. Hukaa benchi la mbele, somo limefunguliwa mapajani. Nikikohoa, huinuka nusu. Nilifikiri ataona kwamba mdundo ukipanda mimbarini, sote wawili tumekwisha.

Alizipokea kwa mikono miwili. Akasema, mzee mwenzangu, niachie nizipitie kwa makini. Nimerudi alasiri na kukuta hoja ya sita imekatwa kuwa kielelezo cha kola. Amesema karatasi ni nzuri, ina ugumu unaotakiwa. Kisha akataka kuijaribu miwani yangu puani mwake, eti amesikia nastaafu.

Mjukuu amezisoma zilizobaki wakati wa kula. Amekuta mkato umekosekana katika hoja ya tisa. Kweli umekosekana. Hilo limeniuma kuliko kola.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mchungaji amezijibu hoja zangu akiwa amesimama, jambo ambalo si la haki kwa kurasa kumi. Amesema Bwana mwenyewe alifundisha kwa mbegu, nyavu, chachu na kondoo aliyepotea. Hiyo ndiyo lugha iliyokuwa sokoni siku zile. Hakuna mvuvi aliyeomba kamusi.

Nimemjibu kwamba soko la siku zile lilikuwa na adabu.

Akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama ni kweli kwamba mimi mwenyewe ujanani niliwahi kuleta vurugu kanisani kwa gitaa. Ni mjukuu tu anayejua habari hiyo. Nyumba yangu ina jasusi.

Ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilichukua zaburi moja nikaiweka kwenye tuni ya dansi iliyokuwa ikivuma kule kwetu mwaka ule. Gitaa la kuazima, nyuzi tano. Mzee wa kanisa alinitoa nje kwa kunivuta mkono wa shati, akisema nimeleta baa madhabahuni. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alicheka hadi akatolewa naye. Nikamwoa.

Lakini hilo ni jambo tofauti kabisa. Tuni ile ilikuwa nzuri.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku kubwa. Naandika kwa haraka.

Nilikwenda kwa kinyozi kupunguza nywele, zile zilizobaki. Redioni walikuwa wakitangaza mpira. Kinyozi alikuwa amemaliza upande wangu wa kushoto mara mtangazaji akapandisha sauti, na mashine ikabaki hewani. Bwana mmoja alikuwa na sabuni jichoni, hakuifuta. Hakuna hata mmoja mle aliyekuwa akiuona uwanja. Lakini mpira ulipokwenda kushoto, wote waliegemea kushoto.

Mimi nimesoma Neno miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyewahi kuegemea.

Ndipo nikalikumbuka somo la Jumapili. Asubuhi ile ya ufufuko, wanafunzi wawili wanakimbilia kaburini: Petro, na yule mwingine. Wakimbiaji wawili, njia moja, na mwandishi ameona vyema kutuambia nani alifika wa kwanza. Imekaa tayari kwa mtangazaji tangu siku ilipoandikwa, na hakuna aliyeiona isipokuwa mimi.

Nikatoka mbio kama nilivyo hadi kwa Mchungaji. Nikamkumbusha habari za nyavu na chachu. Nilimfunga kwa kamba yake mwenyewe. Tumekubaliana hivi: nitatangaza mbio hizo kama mpira wa redioni, na mjukuu atapokea kuanzia mlangoni pa kaburi. Mchungaji ameuliza zile hoja kumi na nne zinakwenda wapi sasa. Nimemwambia kuna ya kumi na tano, ambayo inazifuta.

Akaniuliza pia kuhusu nywele zangu. Nitavaa kofia.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mazoezi jikoni. Tatizo limejitokeza mapema: Petro ana jina, mwenzake mwandishi anamwita yule mwanafunzi mwingine tu. Mtangazaji hawezi kupaza sauti kwa jina refu hivyo. Nimemwita Mwingine. Mwingine huyo anachomoka, Mwingine anamfuata Petro kisogoni! Mjukuu alicheka hadi akalitua sufuria.

Kisha akasema, Babu, unakimbia kuliko wao, pumzi itakuishia kabla ya kaburi. Nikamwambia ashughulike na mdundo wake.

Ameazima Kitabu changu, kile kilichoshonwa mgongo kwa uzi wa viatu. Anacho chake, kipya. Anasema maneno ya kile kipya yamekaa tu, ya changu yanatembea. Nikageukia jiko, nisije nikaonekana nimefurahi.

Akaniuliza jambo. Mwandishi ana watu wanaokimbia, watu wanaolia, kaburi liko wazi. Kwa nini asimame kutuambia kwamba kile kitambaa cha kichwani kilikuwa kimekunjwa na kuwekwa peke yake? Katika vurugu yote ile, nani alipata nafasi ya kukunja?

Ndani ya begi lile nililokuja nalo kuna kitambaa cha kichwani cha bibi yake. Alikikunja mwenyewe, asubuhi ya mwisho aliyoweza kukaa kitandani. Sijakikunjua.

Nilimwambia maji yanachemka.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mpira hauna ladha bila mashabiki. Nimewagawa waumini: mabenchi ya kushoto ni ya Petro, ya kulia ni ya Mwingine. Ili kuonyesha sina kinyongo kuhusu ile kola, nimemfanya Fundi Cherehani kiongozi wa upande wa Petro. Alikubali upesi kuliko nilivyopenda. Kufikia saa tisa alikuwa ameshashona vitambaa vya mkononi, bluu kwa Petro, vyeupe kwa Mwingine.

Akauliza, kwa faida ya ibada, kama mtangazaji akikauka sauti yuko wa akiba. Nimemjibu kwamba mchezo huu hauna wachezaji wa akiba.

Mchungaji amepita akaviona vitambaa. Aliketi kwenye ngazi kwa muda.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Kanisa limejaa, wageni wamesimama hadi mlangoni. Nimepanda mimbarini na, kwa mazoea ya miaka yote, nikavua kofia. Kulikuwa na minong'ono. Sikuelewa sababu hadi nilipofika nyumbani na kujitazama.

Nilianza vizuri mno. Petro mbele, Mwingine nyuma, vumbi. Niliongeza kona moja ambayo haimo katika Maandiko. Na kisima. Naungama. Lakini walipoikata ile kona, watu mia tatu waliegemea. Nililiona hilo kwa macho yangu. Kinyozi, ambaye hajakanyaga kanisani tangu nimfahamu, alikuwa amesimama juu ya benchi.

Penye kisima Mwingine akampita Petro. Upande wa kulia wote wima. Mwingine akafika kaburini wa kwanza, na watu wazima wakakumbatiana.

Hapo ndipo ningeshuka. Lakini mwandishi anaendelea, na mimi sijui kuruka. Anasema Mwingine aliinama, akachungulia, asiingie. Petro akaja nyuma yake akapitiliza hadi ndani. Nikalitangaza kama lilivyo.

Kushoto wakalipuka. Fundi Cherehani alipanda benchi akauliza tangu lini mtu anayesimama mlangoni na kuchungulia akahesabiwa amefunga. Goli ni ndani! Kulia wakajibu kwamba mbio ni mbio, aliyefika amefika, kuingia ni shughuli nyingine. Mama mmoja wa kwaya alimwambia Fundi ashuke, maana hata suruali anazoshona hazifiki zinakotakiwa. Kinyozi akasema Mwingine alikuwa ameotea. Kijana mgeni akaomba Kitabu ajionee mwenyewe, na mara nikaona vitabu vinapita juu ya vichwa kama matofali kwenye ujenzi.

Mchungaji akaomba utulivu. Wakamwomba awe mwamuzi. Akasema wote wawili wameshinda. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile pande zote mbili zilikubaliana, nazo zilimzomea.

Nilijaribu dakika za nyongeza. Maandiko hayana dakika za nyongeza. Nikaishiwa pumzi, nikakohoa.

Fundi Cherehani akainuka mzima. Miaka kumi na miwili. Alifika mbele, akashika kipaza sauti, akafunua midomo, na miwani yake iko benchini. Akaninyooshea mkono akitaka yangu. Nikatazama dari.

Mjukuu ndiye aliyetuondoa pale. Mdundo wake haukuwapo. Mashabiki wa Mwingine walikuwa wamekanyaga waya wa mashine hadi ukachomoka. Alikifungua Kitabu changu, akaweka vidole viwili kwenye ubao wa mimbari, akaanza kugonga taratibu. Juu ya kugonga huko akayapitisha maneno. Sijui kama ilikuwa kusoma au kufoka. Najua ilikuwa lafudhi ya kwetu, kutoka kwa mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye hajawahi kuuona hata mchanga wa kule.

Wakaketi mmoja mmoja. Hata Fundi.

Alipofika kwenye kile kitambaa, vidole vilisimama. Akakiacha hapo, kimekunjwa, peke yake, ndani ya ukimya wa watu mia tatu. Kisha akaendelea.

Ule ugongaji wa vidole niliutambua. Ndivyo ninavyogonga mezani kila asubuhi nikisoma, nami sikujua kama nagonga. Ni tuni ile ya dansi. Nyuzi tano.

Nilihitaji muda mrefu kidogo kuifuta miwani.

Baada ya ibada wageni walimuuliza nani aliyemfundisha. Alinionyesha mimi. Niliinama kwa shukrani. Nilidhani wanazungumzia zile mbio.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mchungaji amekuja. Ameniamkia mara tatu.

Kamati imekaa. Mjukuu atasoma kila Jumapili. Amekubali kwa sharti moja, kwamba kila Jumamosi nimpitishe somo zima, neno kwa neno, kwa lafudhi yangu. Wageni kumi na mmoja wameondoka na vitabu vya kanisa, wanakwenda kuhakikisha nani alishinda. Fundi Cherehani ameomba marudiano. Hayatakuwapo.

Nimepokea yote kwa moyo mkunjufu. Jana jioni mjukuu aliniomba nimwonyeshe kile kitambaa. Nilimwonyesha. Hatukukikunjua.

Basi yameisha. Neno lisomwe kama lilivyoandikwa, bila kona, bila visima, na mdundo usizidi vidole viwili. Nimeiandika kama hoja ya kumi na sita, ya mwisho, na nimeipigia mstari. Hila nimeziacha. Mtu wa umri wangu anajua pa kusimama.

Kisha nikaenda kwa kinyozi, anyoe upande wa kulia.

Redioni ilikuwa zamu ya hali ya hewa. Mashine ikabaki hewani. Waliokuwapo wote walitulia. Bwana mmoja aliyatazama mabati kama yanayoanza kuvuja. Wingu linatanda kutoka mashariki. Mvua za wastani hadi kubwa. Wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari.

Nuhu. Siku arobaini, utabiri wa kila siku, kila siku ule ule. Na hakuna anayechukua tahadhari!

Nitahitaji koti la mvua na ndoo mbili za maji. Fundi Cherehani, nimempitia sasa hivi, atashona koti endapo atakuwa njiwa. Mchungaji hajaambiwa bado. Nilimwona kwa mbali akikata kona upesi, ila mimi nazifahamu kona zote za mtaa huu.

Kinyozi amenifuata hadi mlangoni akiita. Upande wa kulia bado.