Maua kwenye Tovuti ya Parokia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Jumapili ni jubilei yetu ya fedha, mimi na Generoza. Siku ya harusi hakushika hata ua moja. Mvua ya kwetu Samuye iliyapiga maua yote. Sasa mimi ndiye mtunza tovuti ya parokia! Katibu anaandika tangazo, tovuti inaunda ukurasa yenyewe, na faili la mitindo linauvisha rangi. Mke wangu atapata maua. Bujiku wa kwaya naye ana jubilei siku hiyohiyo. Anajitapa. Tutaona!

Jumanne
Fundi Enock kaonya: mitindo ya jubilei iwe na faili lake, lile la pamoja huvaliwa na kurasa zote. Nikaitikia. Kisha nikaweka rangi ya dhahabu kwenye la pamoja, maana ndilo lililokuwa karibu. Simu yangu haikubadilika. Nikaongeza maua yanayodondoka. Wapi! Nikaongeza tena. Nikasali rozari, nikalala.

Jumatano
Ee Mama Maria! Kumbe simu yangu ilihifadhi faili la zamani. Wenzangu wote wameona. Ratiba ya misa inameta. Tangazo la Bujiku nalo linameta, kanishukuru! Na tangazo la msiba wa Mzee Makoye linadondosha maua mekundu. Generoza kasema, Baba Vaileth, umemvika marehemu nguo za harusi. Jubilei hakuna mpaka nimwombe radhi mjane.

Alhamisi
Tumekwenda sote wawili kwa mjane. Baada ya shikamoo nikaanza kuomba radhi. Mjane, Mama Meshack, akasema mumewe alichimba dhahabu Mwakitolyo maisha yake yote, akaambulia vumbi; dhahabu yake ya kwanza ndiyo hii. Nisiitoe mpaka waanue matanga. Akacheka, akalia. Njiani Generoza akanishika mkono.

Ijumaa
Enock kanisaidia kutenganisha. La pamoja limerudi jeupe, la kiasi. Jubilei faili lake. Mzee Makoye lake, na dhahabu yake.

Jumapili, 15 Juni
Tumebarikiwa! Generoza alishika maua halisi, Mama Meshack aliyachuma uani kwake. Mke wangu kaninong'oneza kuwa hata yale ya simu aliyapenda, ila nisirudie. Nikaapa.

Jioni nikafungua tovuti. Mafaili matatu, ya nini usumbufu huo? Nimeyaunganisha yote kuwa moja. Nimetazama kwenye simu yangu ileile: shwari kabisa. Asante Mungu.