Maji Yamenikuta na Wakwe Sebuleni

Jamani, mimi niliyeanza na toroli mpakani mpaka nikajenga nyumba ya bati la rangi, nilidhani hapa Tunduma hakuna kitu cha kunishangaza. Leo nimeaibika, sina pa kuuweka uso.

Mbele ya geti langu kulikuwa na bonde dogo. Kina mama wa mtaa walipanda matete humo ili maji ya mvua kutoka barabara kuu yatulie na kuzama taratibu. Matete wanakata, wanasuka mikeka, wanauza. Sawa. Lakini vyura! Wanaimba kama kwaya! Na mimi leo napokea wakwe kutoka Vwawa, wanaleta mahari ya Neema wangu. Juzi nikamwaga kifusi, nikasawazisha pote. (Palipendeza, msibishe.)

Mama Tabu, kiongozi wao, akaja juu. "Baba Neema, hayo maji umeyatafutia njia gani?"

"Mama, nimejenga nyumba bila mhandisi. Maji ndiyo yanishinde?"

Leo mchana tumekaa. Mshenga anamwaga sifa, mimi nimekunja nne. Mvua ikashuka. Mara viatu vya wageni vikaingia sebuleni vyenyewe, vinaelea! "Yanapita tu hayo," nikasema. Yakafika kwenye makochi. Mke wangu akanitazama. (Jicho hilo mnalijua.)

Nikatoka kwa hasira nikazibe geti. Nikateleza. Maji yakanirudisha na suti yangu, miguu juu, mpaka barazani, wakwe wote wamesimama wanatazama! Nani akanidaka? Mama wa bwana harusi! Mwanamke wa shamba la kahawa, mikono kama koleo. Akashika mkanda, akanivuta kama gunia. "Tulia, mkwe, usinipige mateke!"

Kwao, wakwe mwanamke na mwanaume hawashikani hata mkono. Mshenga akakohoa: "Mzee, umemfanya mkwe wako akushike. Hapa kuna faini."

Faini! Mimi! Baba wa binti! "Lakini yeye ndiye kanishika!"

"Ulitaka akuache uzame?"

Kuzama, kwenye uwanja wangu mwenyewe! Wakasema inakatwa kwenye mahari, la sivyo wanaondoka. Neema akaanza kulia. Nikakubali.

Sasa hivi vibarua wanachota kifusi, Mama Tabu anawasimamia kama vile kwake. Asicheke mtu. Faini, kifusi kuja, kifusi kuondoka, na matete mapya waliyoniuzia (wameniuzia!): shilingi laki tano, elfu sitini na mia tano.