Nyii-kwaa Katikati ya Bluzi

Leo nimeaibika, tena hakuna mutu aliyenisukuma. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, na ushahidi mukononi.

Wengi wenu munanijua. Mimi siongei sana. Ndiyo maana napenda grupe yetu ya bluzi kwenye telefone: humo hakuna anayekutazama usoni. Mutu anatuma wimbo anaoupenda, anaeleza konseri aliyoiona, wengine wanajibu. Mimi naandika polepole (nikimaliza kusifu wimbo moja, wenzangu wako kwenye wa tatu), lakini wananisoma.

Juma iliyopita mupiga gitare kutoka Bukavu alifanya konseri ya muchana huko mutaa wa Himbi, kwenye bustani ya nyumba moja kubwa. Mimi nilikuwa napitisha kabichi na chukudu yangu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Nikasikia gitare nyuma ya ukuta wa mawe meusi. Miguu ikakataa kuendelea. Nikaegemeza chukudu ukutani, nikatoa telefone, nikarekodi. Sentineli, mulinzi wa nyumba, akanifukuza. Nikasukuma chukudu mpaka kona. Alipogeuka, nikarudi. Akanifukuza tena. Nikarudi tena. (Kuacha muzigo kwenye kona na kurudi peke yangu? Kabichi za muji huu zina miguu.)

Jioni nikatuma rekodi yangu kwenye grupe. Ilikuwa upepo, honi za pikipiki, na gitare kidogo kwa mbali. Mama Furaha, mukubwa wa grupe, akauliza: "Ulikaa wapi?"

Hapo shetani akashika kidole changu. Nikaandika: "Mbele kabisa. Niliona mpaka jasho la vidole vyake."

Toka siku hiyo wananiita Wa Mbele.

Siku tatu zikapita, Papa Faustin naye akatuma rekodi ya konseri ileile. Papa Faustin ni karani wa ofisi, mutu wa sauti ndogo na viatu vinavyong'aa. (Nilianza kumushuku kwenye picha yake. Kwa vumbi hili letu, viatu vinavyong'aa vinapita wapi?) Rekodi yake ilikuwa safi. Gitare lilikuwa kama limekaa mapajani mwako. Lakini katikati ya wimbo wa polepole, pale pale pa kutoa machozi, kitu kikalia: nyii-kwaa. Nyii-kwaa.

Grupe ikawaka moto.

"Nani anavunja kitanda ndani ya bluzi?" akauliza Espoir, kijana anayetengeneza telefone.

"Ni mulango wa choo," mwingine akajibu.

"Nikimukamata huyo," Mama Furaha akaandika, "nitamupaka mafuta ya mawese toka kichwani mpaka kisigino, asilie tena!"

Mimi sikucheka. Nilisikiliza mara kumi. Ile sauti naijua. Mwenye chukudu anajua gurudumu lake kama mutoto anavyojua kikohozi cha mama yake. Nyumbani wakisikia nyii-kwaa kwenye kona, wanaanza kusonga bugali.

Ile ni chukudu yangu. Basi ile rekodi ni yangu! Papa Faustin ameichukua kwenye grupe, ameipitisha kwenye kompyuta ya ofisi, ameosha upepo, ameosha honi, akasahau kuosha gurudumu. Wezi wote wanasahau kitu kimoja.

Na sababu niliijua. Leo grupe ilipaswa kukutana uso kwa uso, mara ya kwanza, ili kuchagua rekodi bora. Mwenye nayo anapewa kiti cha bure kwenye konseri ijayo. Kiti! Ndani! Mimi sijawahi kuingia konseri hata moja. Gitare zote nimezisikia nyuma ya kuta. Kile kiti nilikiota usiku na muchana, na sasa mutu wa viatu alitaka kukikalia kwa rekodi yangu.

Nikafunga mudomo siku nne. Gurudumu nalo sikulitia mafuta, ili ushahidi usiharibike.

Leo saa nane nikafika mutaa wa Birere, kwenye kiwanja nyuma ya duka la vitambaa la Mama Furaha. Watu kumi na wawili na bafle moja kubwa la kutolea sauti. Chukudu nikaiacha nje ya mulango.

Papa Faustin akawa wa kwanza kunisalimia. "Wa Mbele! Karibu, mutoto wangu. Kaa hapa." Akanipa kiti chake. (Munaona? Mutu mwenye roho safi hapeani kiti hivi hivi.)

Rekodi yake ikapigwa. Nyii-kwaa. Watu wakaguna. Mama Furaha akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama.

"Papa Faustin, samahani. Hiyo rekodi ni yangu."



"Yako namna gani, mutoto wangu?"

"Hiyo nyii-kwaa ni yangu. Nina ushahidi."

Nikatoka, nikaingiza chukudu, nikaizungusha kiwanjani mbele ya watu wote. Nyii-kwaa. Nyii-kwaa. Espoir akarudisha rekodi nyuma. Nyii-kwaa, bafle likajibu. Wakaimba pamoja kama kwaya ya parokia.

"Ni yenyewe!" Espoir akaruka.

"Ni yenyewe kabisa," akasema Mama Furaha. "Hakuna shaka."

Nimeshinda! Nikasimama na mukono juu ya chukudu kama avoka aliyemaliza kesi. Nikamutazama Papa Faustin, nikingoja atoe jasho. Hakutoa jasho. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitia baridi.

"Wa Mbele," akasema polepole, "siku ile ulikaa mbele?"

"Mbele kabisa, papa."

"Na chukudu ilikaa kiti gani?"

(Ndugu zangu. Siku nne nilishuku kila kitu, mpaka viatu vya watu. Akili yangu peke yake ndiyo sikuishuku.)

"Mimi nilikaa nyuma, karibu na ukuta," Papa Faustin akaendelea. "Kuna kipande cha mwisho nilikikata, kimebaki kwenye telefone yangu. Niliona si vizuri kumuaibisha mutu nisiyemujua."

"Tusikie! Tusikie!" wakapiga kelele.

"Hapana," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Espoir alikuwa ameshaunga telefone ya Papa Faustin kwenye bafle.

Nafikiri Birere nzima ilisikia.

"Wewe wa kabichi! Nikufukuze mara ngapi kwa ukuta huu?" Huyo ni sentineli.

"Papa sentineli, nakuomba, wimbo moja tu. Nitakupa kabichi moja." Huyo ni mimi, na sauti ya mbuzi aliyefungiwa nje kwenye mvua.

"Mbili."

"Mbili, papa."

Nyii-kwaa. Nyii-kwaa.

Halafu gitare likaingia, zuri ajabu, lakini hakuna aliyelisikiliza. Mama Furaha alikuwa amekaa chini, anafuta machozi kwa kitambaa cha kuuza. Espoir alikuwa ameshika ukuta.

Nikataka kuondoka kimyakimya. Jaribuni ninyi kuondoka kimyakimya na chukudu ile! Hatua moja, nyii-kwaa, kicheko. Hatua ya pili, nyii-kwaa, kicheko kikubwa zaidi.

"Simama hapo!" Mama Furaha akaita. Nikajua mawese yangu yamefika.

"Rekodi bora ni ya Papa Faustin. Munakubali?" Wakakubali. Hata mimi nilinyoosha mukono. "Basi kiti ni chake."

Papa Faustin akakohoa. "Mimi nitajilipia. Hicho cha bure mumupe huyu kijana."

Nikamushuku palepale. "Kwa nini, papa?"

"Kwa sababu nataka kurekodi konseri ijayo pia. Tukikuacha nje ya ukuta, utaniharibia tena."

Wakapiga kura. Mikono yote ikapanda. Si kwa upendo, nawaambia. Walitaka kimya. Sharti ni moja: chukudu ibaki nyumbani.

Basi kiti ninacho, cha nyuma kabisa, karibu na sentineli. Wa Mbele amekufa. Kwenye grupe sasa naitwa Kabichi Mbili. Tafadhali musicheke. Na atakayeshindwa, acheke mbali na telefone yake, kwa sababu huwezi kujua nani anarekodi upande wa pili wa ukuta.