Picha za Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeacha kupiga picha za pasipoti. Kazini bado naenda, ila moyoni nimeacha. Mtu mwenye kipaji kama changu hawezi kuzeeka akiwaambia watu wainue kidevu na wasicheke. Ijumaa kuna maonyesho ya picha katika ukumbi wa maktaba. Mada: majengo yaliyosahauliwa. Jengo ninalo! Nyumba nyuma ya kiwanda cha sabuni, madirisha yamefungwa, majani yamefika kiunoni.

Tatizo ni Bwana Fremu, mwenye studio inayotazamana na yetu. Naye ameiona. Nikamchimba kidogo: ameshaipiga? Akasema bado, anamtafuta mwenye nyumba amwombe ruhusa. Ruhusa! Nilikohoa ili nisicheke. Nikamtakia kila la heri.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia! Kwa dirisha la jikoni. Komeo halikuvunjika, lilikubali tu kwa sauti. Suruali imechanika nyuma, lakini nyuma hakuna aliyekuwepo.

Ndani, hazina kweli kweli. Cherehani imefunikwa kitambaa. Kitanda kimetandikwa. Chini ya kitanda, viatu vya mwanamume, vimepangwa sambamba, vimepigwa rangi. Vilikuwa nadhifu mno, havikuleta huzuni. Nikakilaza kimoja ubavu. Hapo sasa! Pazia nalo nikalining'iniza kwa pembe moja. Nikapiga picha mpaka betri ikakata roho.

Shemeji, mume wa dada yangu ninayeishi kwao, kaniuliza mezani kama kuingia nyumba ya watu si wizi. Nikamweleza taratibu: sikuchukua kitu, nimechukua mwanga tu. Akauliza kama mwanga ndio uliokilaza kile kiatu nilichomsimulia. Shemeji ni fundi bomba. Sanaa hawezi kuielewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimechagua picha moja, ya kitanda na kile kiatu, nikaichapa kubwa kama mlango. Jina: "Walikimbia." Chini nimeandika maelezo kwamba familia hii ilitupa kila kitu na kutokomea. Dada kauliza nimejuaje. Nikasema kuta zimeniambia. Akauliza kama kuta hazikusema chochote kuhusu suruali, maana yeye ndiye wa kuishona.

Bwana Fremu bado anatafuta mwenye nyumba. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu! Watu walijaa mbele ya picha yangu. Bwana Fremu kaleta picha ya kituo cha mabasi cha zamani, na pembeni yake kasimama mzee aliyekuwa akikata tiketi pale, anawasimulia watu. Mbwembwe tu.

Kisha akaja mama mmoja, mtu mzima, kashika mkono wa binti yake. Alisogeza uso karibu na picha, akakigusa kile kiatu kwa kidole. Nikajua: sanaa imemgusa. Nikamsogelea, nikamsimulia jinsi familia ile ilivyokimbia. Nilisimulia vizuri sana, hata mimi nikasikitika.

Aliniacha nimalize, ndipo akasema, "Mwanangu, familia yenyewe ni mimi."

Nikamwambia karibu, shikamoo.

Akasema hakukimbia. Mume wake alifariki, naye akashindwa kulala chumba kile peke yake, ndiyo maana anakaa kwa binti yake. Ila huenda kila wiki kukitandika kitanda na kuving'arisha vile viatu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, nani alikiangusha kiatu cha baba watoto.

Nikasema labda upepo.

"Madirisha niliyafunga mwenyewe," akasema.

Watu waliacha kutazama picha, wakanitazama mimi. Binti alikuwa analia. Nilitamani mtu anizomee, angalau nijibu. Bwana Fremu hata hakucheka. Alipanda ngazi, akanisaidia kuishusha picha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaniamsha, kanipa suruali iliyoshonwa na komeo jipya alilonunua shemeji. Hakunishauri. Aliniamuru.

Tukaenda na shemeji kwenye nyumba ile; mama yule, aliyekuja kutandika kitanda, alinipokea mlangoni. Mlangoni, kama mtu! Nikaomba radhi. Akasema tuanze na dirisha. Nikafunga komeo, shemeji akiniwashia tochi na kunikosoa. Nikarudisha pazia. Nikapiga magoti, nikasimamisha kiatu. Mama akainama, akakisogeza kidogo tu. Kumbe kilikuwa na mahali pake hasa.

Nikadhani tumemaliza. Akakaa kitandani, akajitengeneza mtandio, akasema sasa nimpige picha, ili wajukuu wamwone akiwa ndani ya nyumba yake. Nikamwambia ainue kidevu. Akauliza kama anaruhusiwa kucheka. Nikasema anaruhusiwa. Akacheka na machozi yakamtoka palepale, nami nikabonyeza. Picha mbili za kwanza zilitoka na ukungu. Kamera yangu ni nzito.

Dada anasema ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Sikatai. Ila haina fumbo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: jengo lilikuwa karibu mno na maktaba. Mwenyewe alifika kwa miguu! Picha za mtaa huu zionyeshwe mbali. Jambo dogo tu, na nilikuwa karibu kulipatia.

Naandika haya nikiwa juu ya ukuta wa ghala upande wa pili wa mji. Limetelekezwa kabisa, bati lina kutu, lango limeegama. Inaonekana waliokuwamo waliondoka kwa haraka ya kutisha: nguo kwenye kamba bado zinachuruzika maji, na sufuria wameiacha jikoni inachemka. Inasikitisha! Naruka sasa, kabla mwanga haujabadilika.