Mashine ya Magunia na Foleni ya Hataza

Jumapili, 11 Agosti 2024. Irving, karibu na Dallas, Texas.

Joto limezidi. Lami ya maegesho inanata kwenye soli. Kiyoyozi chetu kimekufa, na mwenye nyumba anasema fundi atakuja wiki ijayo. Kwa hiyo nimevumbua. Magunia mawili yaliyolowa maji, feni nyuma yake, ndoo chini. Sebule ikapoa! Mke wangu Nyaboke akarudi kutoka zamu ya hospitali, akasema nimelowesha zulia. Hana jicho la biashara.

Jioni nimempigia Chebet, binti wa rafiki yangu, wakili wa hataza huko Houston. Hataza ni ile haki ya kumzuia jirani kuiga uvumbuzi wako. Nilikuwa na jirani mmoja akilini. Chebet akaeleza kwamba foleni ya maombi ni ndefu, huchukua miaka, ila sasa kuna mpango wa muda: uvumbuzi unaopunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto husogezwa mbele bila ada ya ziada. Akaendelea kueleza masharti. Mimi nilishafika mbele ya foleni.

Jumatano, 14 Agosti.

Nimepaka mashine rangi ya kijani, ndoo kwa feni. Serikali inataka teknolojia ya kijani. Isije ikawa na shaka.

Kalume amepita. Ni Mkongo wa ghorofa ya juu, anafanya kazi ghalani. Akaitazama mashine, akauliza magunia nimeyatoa wapi. Mwizi huanza kwa maswali. Shida ni kwamba yeye ndiye mwenye pikapu, na mashine ya kumpelekea Chebet haiingii kwenye gari langu. Nimemwambia ni kinara cha maua cha harusi ya binamu yangu Houston. Akakubali papo hapo. Hakutaka hata mafuta nimlipie. Inatia shaka sana.

Ijumaa, 16 Agosti.

Siku ya aibu. Niiandike upesi.

Asubuhi Kalume ameshuka na suti ya buluu, tai, na zawadi kubwa iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Sufuria, alisema, seti nzima. Nikaanza kupakia mashine. Njia yote hadi Houston akaimba nyimbo za harusi, za Kiswahili na za Kifaransa, nami nikiitikia kiitikio.

Tukaingia ofisini kwa Chebet. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Kalume akamshika mikono yote miwili, akamtakia watoto wengi na uvumilivu, akamkabidhi sufuria. Chebet akanitazama. Nikatazama zulia.

Nikawasha mashine haraka ili mazungumzo yahame. Dakika kumi, hakuna baridi. Chumba kikawa kama bafu. Miwani ya Chebet ikaingia ukungu, karatasi mezani zikaanza kujikunja. Nikasema inapasha misuli kwanza.

"Anko," Chebet akasema, "hewa ya Houston tayari imejaa maji. Gunia lisipokauka, halipozi."

Nikamwambia basi tuombe hataza ya Dallas peke yake. Akasema hakuna kitu kama hicho. Kisha akasema kwa upole kwamba watu wamepoza nyumba kwa nguo mbichi tangu zamani, na kitu kisicho kipya hakipewi hataza hata kikiwa kijani namna gani.

"Huo mpango unaharakisha jibu tu, Anko. Kama jibu ni hapana, utapata hapana mapema."

Nikamuuliza mapema kiasi gani. Akavua miwani, akaifuta.

Akamrudishia Kalume sufuria na kumweleza kwamba yeye haolewi. Kalume akaendesha hadi tukapita mji wa Corsicana, saa moja kutoka nyumbani. Ndipo akapunguza mwendo.

"Ndugu Mwenda, ungeniambia tu ni mashine. Ningekuleta."

Hilo limenichoma, nakiri. Kisha akasimama kituo cha mafuta, akaninunulia soda baridi. Nimeinywa nikimtazama pembeni. Mtu umemdanganya, naye anakununulia soda: lazima ana mpango wake.

Jumatatu, 19 Agosti.

Fundi amekuja. Kiyoyozi kinafanya kazi. Nyaboke ametoa magunia nje na kusema, "Baba Kathure, hiyo biashara imekwisha." Nimekubali kwa moyo mweupe.

Kisha Chebet akanitumia ujumbe wa kunifariji. Nisikate tamaa, anasema, na siku nikivumbua kitu kipya kweli, mvumbuzi aliyetimiza miaka sitini na mitano anaweza kuomba asogezwe mbele kwa ajili ya umri wake tu. Anatania kwamba bado nina miaka kumi na minne ya kufikiri.

Mimi sina. Lakini mama mkwe ametua leo kutoka Kisii.

Kwa Wakisii mkwe hamzoei mama mkwe, sembuse kumuuliza umri. Nimesimama ukumbini, heshima zote, nikamuuliza kupitia mlango uliofungwa wa chumba chake. Akajibu kwamba ana sabini na miwili, na mimi nina adabu mbaya. Nikashukuru. Nikamweleza kwamba Marekani inawathamini sana wazee wavumbuzi, na yeye ni mmoja wao.

Akauliza amevumbua nini.

Nikamwambia apumzike kwanza na uchovu wa safari, bado sijaamua.